Matoazi ya Radi Kavu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua za kwanza zimeanza leo, na mimi naanza kuandika leo. Mzee Mpiga Dramu, shikamoo. Nyuma ya jalada la santuri yenu mpya mmeandika kwa herufi ndogo: "Tuandikieni. Tuambieni kweli." Nadhani wengi watawatumia barua ya ukurasa mmoja. Mimi nimeamua kukuandikia msimu wote wa mvua, hadi siku mtakapokuja kupiga hapa kwetu, na naahidi nitasema yote, pamoja na yatakayoniaibisha mimi na yatakayowaudhi ninyi. Mwalimu wetu wa lugha anasema shajara yenye siri ni daftari la mazoezi tu.

Nina miaka kumi na minne. Baba ni fundi wa redio, na karakana yake ndiyo sebule yetu. Tunakula nyuma ya kabati la spika, na Mama amezoea kuokota skrubu kwenye makochi kama wengine wanavyookota makombo. Baba aliipenda bendi yenu, Radi Kavu, akiwa na miaka kumi na tisa. Mimi nimewapenda tangu tumboni, kama nitamwamini Mama, maana anasema nilikuwa nampiga mateke kila wimbo wenu "Kioo cha Mvua" ulipofika mahali pa dramu. Mtaani wananiita Antena. Nilipokuwa mdogo Baba alikuwa akinisimamisha kando ya redio mbovu nishike waya, na stesheni ikaja safi.

Nakuandikia wewe, si mwimbaji, kwa sababu Baba husema mwimbaji ana maneno, mpiga gitaa ana majigambo, lakini mwenye manyunyu ni wewe. Anamaanisha matoazi yako, zile sahani za shaba unazozigonga.

Jumanne, 4 Machi

Mtihani wa hesabu. Santuri iko juu ya kabati, haijaguswa. Baba anasema santuri mpya haisikilizwi na watu wenye matope miguuni. Tusubiri Jumamosi.

Jumamosi, 8 Machi

Baba alinawa mikono mara mbili. Alifuta sindano ya gramafoni kwa brashi ya Mama ya nyusi, Mama akajifanya hajaona. Jirani yetu, fundi cherehani tunayemwita Mama Pindo, alikuja na kiti chake mwenyewe, maana vya kwetu vina redio juu yake.

Mzee, nitaanza na lililonisumbua. Sauti ya mwimbaji wenu imeshuka. Inakwenda kama mtu anayeteremka ngazi huku ameshika ukuta. Nilisikia aibu, kama siku ile niliyomkuta babu yangu bila meno yake ya bandia. Nikawa namwombea afike chini salama, na kumwombea mwimbaji siyo kumsikiliza.

Kisha ukaja wimbo wa tatu, na katikati yake yakaingia matoazi, membamba, ya mbali, kama manyunyu yanapoanza juu ya bati na hujui bado kama ni mvua au ni ndege wanatembea. Nilifumba macho. Niliona chumba chote kimejaa maji yenye mwanga, na sisi tumekaa chini yake tukipumua vizuri tu.

Nilipofumbua, Baba alikuwa amekunja uso.

"Wameyaondoa matoazi," alisema. Akainua sindano, akairudisha nyuma, akainamisha kichwa. "Antena, wewe unayasikia hapo?"

Yalikuwa yanalia wakati ule ule alipokuwa akiuliza. Nilimtazama. Hakuuliza kama mtu anayetaka kujua, aliuliza kama mtu anayetafuta mwenzake.

"Hapana, Baba," nilisema.

Jumapili, 9 Machi

Baba alipotoka niliicheza peke yangu. Matoazi yapo. Nilihesabu hadi sitini nikaacha.

Alhamisi, 13 Machi

Birika lilipiga mbinja jikoni hadi maji yakakauka na chini pakaungua. Baba alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo, analehemu waya. Mama alimwuliza kama amejifunza kupika hewa. Alisema alikuwa na mawazo mengi.

Jumamosi, 15 Machi

Amefungua spika zetu kubwa na kubadilisha zile ndogo za juu, ambazo kazi yake ni kutoa sauti nyembamba. Akaweka santuri yenu. Akatikisa kichwa. Akaweka ile ya zamani, ya mwaka aliomwoa Mama, akasikiliza muda mrefu, uso wake ukiwa umepotea. Nadhani ile anaisikia kwa kumbukumbu.

Mzee, alisema maneno juu yenu. Alisema mmezeeka mkaogopa kelele. Alisema mtu akichoka aende akalale, asiuze usingizi wake kwa watu waliomwamini. Alisema mkija haendi, hata onyesho likifanyika uani kwetu. Niliumia kama nimesikia jamaa wa ukoo anasemwa kwenye foleni, na jamaa mwenyewe hana kosa.

Lakini niliahidi kweli, basi chukua na hii: upande wa kwanza, wimbo wa pili, naomba radhi, ni mbaya. Gitaa linazunguka pale pale kama mbwa anayetafuta mahali pa kulala. Kwa hiyo Baba akiwalaumu kwa lisilo kosa lenu, mimi nina kosa lenu lililo halisi na sijamwambia. Sijui niko upande gani.

Jumanne, 18 Machi

Nimejua leo.

Kinyozi wa kona alirudisha redio yake aliyotengenezewa wiki iliyopita. Aliiweka juu ya meza taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto mtundu kwao. "Fundi," alisema, "hii redio inanyoa kuliko mimi. Wateja wanashtuka nikiwa na wembe shingoni. Utanifungisha."

Baba alicheka, akamwambia masikio yake yamejaa nywele za watu. Kinyozi naye akacheka, lakini redio aliiacha.

Ilikuwa ya tatu kurudishwa. Ya kwanza ilikuwa ya Mama Pindo, aliyesema mtangazaji wa habari anamchoma sindano, na yeye sindano anazo za kutosha. Baba alipokwenda kunawa, niliziwasha zote tatu moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa zimefunguliwa kitufe cha sauti nyembamba hadi mwisho, na ndani amezibadilisha vipande ili ziende mbali zaidi ya hapo. Zililia kama kisu juu ya sahani. Baba amekuwa akizipandisha na kuzipandisha mpaka yeye aridhike, na yeye haridhiki kwa sababu haimfikii.

Si ninyi mlioondoa matoazi, Mzee. Ni masikio yake.

Niliketi kwenye kiti chake. Hana kazi nyingine. Alianza ufundi kabla hajaota ndevu, na watu huja kutoka mitaa ya mbali kwa sababu ya sikio lake. Nikimwambia, namnyang'anya lile sikio. Nikinyamaza, wateja watamwambia kwa njia yao, mmoja mmoja, kwa kutorudi.

Jumamosi, 22 Machi

Nilimwambia Mama tukiwa tunaanua nguo. Manyunyu yalikuwa yameanza na Baba alikuwa amesimama chini ya bati letu bila kuinua kichwa.

Mama hakushangaa. Alisema yeye alianza kupandisha sauti tangu mwaka jana bila kujijua, na alidhani ni zile tabia za waume, kusikia wanachotaka. Nikamwomba amwambie yeye. Alikunja shuka lote, kona kwa kona, kabla ya kujibu.

"Nikimwambia mimi, ni ugomvi wa mke na mume. Atasema namsimanga. Wewe ndiye Antena wake."

Nilisema sitaki kuwa Antena. Mama akanipa kikapu cha nguo nishike.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua. Sikusema.

Jumatano, 2 Aprili

Redio ya nne imerudishwa. Sikusema.

Jumamosi, 5 Aprili

Niliota mchana, kichwa juu ya kitabu cha jiografia. Nilikuwa natembea barabara yetu, na mvua ilikuwa inanyesha bila mlio. Matone yalikuwa sahani ndogo za shaba. Yaligonga mabati, miavuli na vichwa vya watu, yakajiviringisha hadi mtaroni, na hakuna aliyegeuka. Baba alikuwa mlangoni amekinga kiganja, na sahani zikajaa humo, na akanionyesha kwa furaha kubwa, kama mtu aliyevua samaki. Nilitaka kumwuliza kama anazisikia lakini katika ndoto ile na mimi sikuwa na sauti.

Nilipoamka, mate yalikuwa yamelowesha mito na maziwa yote ya ukurasa ule.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeshika kalamu tangu chakula cha mchana, na sasa nadhani naweza.

Asubuhi mvua ilikuwa nzito na hakuna mteja aliyefika. Baba aliamua kumaliza kesi ya spika zetu. Alishusha kipimo chake kutoka juu ya kabati, kisanduku chenye gurudumu moja, kinachotoa sauti moja tu, na sauti hiyo huwa nene au nyembamba kadiri unavyozungusha. Fundi hukiunga na spika, huzungusha kuelekea juu, na pale sauti inapokata, ndipo spika ilipoishia. Nimeona akifanya hivyo tangu sijui kusoma.

Alinipa daftari. Yeye atasema namba za kipimo, mimi niandike.

Alianza chini, sauti kama ng'ombe aliye ng'ambo ya mto. Mia mbili. Mia tano. Elfu moja, na niliandika vizuri, namba zikiwa zimenyooka. Elfu mbili ikawa firimbi. Elfu tatu. Alikuwa amefumba macho na vidole vyake viko juu ya gurudumu kwa wepesi ule anaogusia vitu vya watu.

"Elfu nne. Hapo imekata," alisema. "Andika. Imekufa elfu nne."

Sauti ilikuwa bado inalia. Ilikuwa nyembamba na safi, imejaa chumba chote kuanzia dari hadi chini ya meza, kama mwanga unaopita chini ya mlango. Baba aliketi katikati yake amefumba macho, ametulia, akisubiri kalamu yangu.

"Andika, Antena."

"Bado ipo, Baba."

Alifumbua macho. Aliitazama spika kwanza, kisha mimi. Akazungusha kidogo.

"Elfu tano?"

"Ipo."

"Elfu nane?"

"Ipo."

Aliacha kutazama kipimo akawa anatazama uso wangu tu, na mkono wake ukaendelea kupanda. Elfu kumi, ipo. Elfu kumi na mbili, ipo. Elfu kumi na nne nilimwambia ipo, ila sasa ni kama mbu aliye chumba cha pili. Nilijiona napanda ngazi ambayo yeye haioni, naye amesimama chini ananisindikiza kwa macho. Elfu kumi na saba ikanikatikia na mimi, nikamwambia.

Aliweka ncha ya kidole juu ya spika ndogo, kwa upole, kama unavyogusa paji la uso la mgonjwa.

"Kwa hiyo spika ni nzima," alisema.

"Ni nzima."

"Na matoazi?"

"Yapo. Yalikuwapo tangu siku ile ya kwanza. Nilikudanganya, Baba."

Aliniuliza kwa nini. Hakukasirika. Nilimwambia nilitaka tuwe tunasikia kitu kimoja.

Alizima kipimo. Kisha akanitazama tena na akasubiri, na ilinichukua muda kuelewa kwamba anataka nimwambie kama kimezimika kweli. Niliitikia kwa kichwa.

Jumapili, 13 Aprili

Mama alipika na kuweka chakula, na aliketi upande wa kulia wa Baba badala ya kushoto, nadhani alikuwa anatafuta sikio lililo zima zaidi.

Jumatatu, 14 Aprili

Karakana imefungwa. Nilipotoka shuleni nilimkuta ameketi gizani katikati ya redio za watu, zote zimezimwa. Nilifikiri nimefanya kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya, na nilitamani kuifuta Jumamosi kwa raba.

Alhamisi, 17 Aprili

Mama alimpeleka kwa daktari wa masikio. Daktari alisema ni kelele za miaka mingi na umri, na kilichokwenda hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kutunzwa. Baba aliuliza maswali mengi juu ya mashine ya daktari. Mama anasema alikaribia kuifungua.

Jumamosi, 19 Aprili

Alimwita kinyozi. "Zile nywele," alimwambia, "zilikuwa masikioni mwangu." Akamweleza kila kitu, amesimama wima, kama anavyoeleza hitilafu ya redio. Kinyozi akasema basi kuanzia sasa atakuwa anamsema mchana kweupe huku akimnyoa, maana hatasikia. Baba akamwambia aseme kwa sauti nene, ili na yeye afaidi.

Kisha Baba alinivutia kiti. Tulirekebisha redio zote nne. Yeye alifungua, alilehemu, alifunga, mimi nilisikiliza na kusema panda, shuka, hapo. Alipofika hapo alitia nukta ya rangi ya kucha ya Mama kwenye kitufe. Nilidhani atainua macho kwa huzuni kila nikisema. Hakuinua. Alifanya kazi haraka kuliko alivyofanya miezi yote hii, kama mtu aliyekuwa akitafuta ufunguo uliopotea na sasa ameacha, anapita dirishani.

Mzee, nilikuwa nimemwogopea bure, au tuseme nilikuwa nimemwogopea nusu bure. Jioni nilimwona akigeuzageuza jalada lenu la zamani, bila santuri ndani.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua imepungua, inakuja na kuondoka kama mgeni anayesahau vitu. Baba alitoa santuri yenu mpya. "Nisomee," alisema.

Basi tulikaa. Kila matoazi yalipoingia niliinua kidole, na yeye akaniuliza yakoje. Nilimwambia hapa ni kama mtu anamwaga mchele kwenye sinia. Hapa ni kama baridi ya asubuhi kwenye vyuma vya dirisha. Hapa kwenye wimbo wa tatu sijui, Baba, ni kama kitu kinachong'aa ambacho hakina mwili. Alirudia kwa sauti ndogo, kitu kinachong'aa ambacho hakina mwili, akatikisa kichwa polepole kufuata mapigo yako.

Tulipofika wimbo wa tano, wa polepole, ule mnaopiga kama mmechoka wote pamoja, nilisahau kuinua kidole. Nilikuwa nasikiliza. Mwimbaji wenu hakuikimbilia ile noti ya juu. Aliisogelea, akaiacha hewani, akaketi chini yake. Zamani angeikamata kwa nguvu, na mimi ningefurahi, lakini nisingelia. Sijui kama huu ni muziki mzuri kuliko wa zamani. Najua kwamba zile za zamani nilizipokea kutoka kwa Baba kama nilivyopokea pua yake, na huu wa tano nimeupenda mwenyewe.

Nikamwambia pia kuhusu wimbo wa pili, kwamba ni mbaya.

"Afadhali," alisema. "Nilidhani hata hilo ni masikio yangu."

Jumamosi, 3 Mei

Jua siku nzima. Baba amesema twende.

Jumamosi, 10 Mei

Mlipiga alasiri, uwanja wa mpira, nyasi zikiwa bado na maji. Mama alivaa viatu vya mpira na gauni lake zuri. Baba alitaka kusimama mbele ya spika, nikamkumbusha daktari, akakubali kusimama pembeni, upande wako. Ndipo nilipokuona. Kwenye majalada yote wewe ni mkubwa na una nywele. Kumbe ni mtu mdogo, una miwani iliyofungwa kwa kamba, na taulo begani kama mtu anayetoka kuoga.

Mwimbaji alihitaji kiti kwenye wimbo wa nne. Kwenye "Kioo cha Mvua" hakuweza ile noti, na uwanja mzima ukamwimbia, wazee wa umri wa Baba wamefumba macho, wamekosa noti hiyo hiyo kila mmoja kwa namna yake. Nilifurahi na nikasikitika kwa wakati mmoja, na sikuona haja ya kuchagua.

Baba hakumtazama mwimbaji hata kidogo. Alikuwa anakutazama wewe. Niliinua kidole kama tulivyozoea, lakini alinishusha mkono.

"Tazama macho yake," alisema.

Nikatazama. Mwimbaji alipogeuka kukwambia jambo, uliutazama mdomo wake. Kabla ya kila wimbo, ulitazama chini, mguu wa mpiga gitaa, na mguu ulipogonga, ukaanza. Hukuondoa macho pale. Watu walipopiga makofi nyuma yako hukugeuka.

"Yule hasikii, Antena," Baba alisema. "Anasoma mguu."

Na matoazi yaliingia kwa wakati wake. Nilikuwapo, niliyasikia yote, mepesi, hakuna hata moja lililochelewa, na jua la jioni lilikuwa linateleza juu yake kila yalipotikisika. Baba alisimama hapo mikono ikiwa mifukoni, anatabasamu kama mtu aliyekutana na mwanafunzi mwenzake nchi ya mbali.

Jumapili, 11 Mei

Naifunga leo shajara hii. Baba hajaisoma, ila nilimwambia ninachotaka kukuuliza, na alisema mtoto hamwulizi mtu mzima jambo kama hilo. Akaenda karakana. Baada ya muda akarudi, akauliza kama nimekumbuka kuweka stempu.

Nimeweka. Ndani utakuta bahasha yenye anwani yetu. Usijisumbue kuandika marefu, mistari miwili inatosha, lakini naomba iwe kwa posta ya kwanza, kwa sababu kesho anafungua karakana na najua atakuwa anaitazama barabara.

Mzee wangu, unapoyapiga matoazi, unajuaje kwamba yamelia?